Mkanda wa Shaba

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mibuni ya Oldeani, Evarista Piusi aligonga rimu. Ilikuwa rimu ya lori bovu la shamba, imening'inizwa kwa mnyororo kwenye mgrevilea uliokuwa mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu, nayo ndiyo iliyokuwa kengele ya shule. Evarista alikuwa darasa la sita na alikuwa kiranja wa kengele, cheo ambacho yeye mwenyewe alikiona kikubwa kuliko cha mwalimu mkuu. Aligonga mapigo kumi na tano kwa kipande cha nondo. Mwanafunzi aliyevuka lango baada ya pigo la kumi na tano alikabidhiwa jembe na kwenda kulima shamba la shule.

Nyumbani alikuwa na kazi nyingine aliyoipenda zaidi. Baba yake, Mzee Piusi, alikuwa fundi wa mashine za kumenya kahawa katika shamba kubwa, na akirudi alasiri alitengeneza redio za majirani kwenye meza iliyokuwa chini ya dirisha. Nyumba haikuwa na umeme. Chuma cha kulehemu kilipashwa moto kwenye jiko la mkaa, na mpepeaji wa jiko hilo tangu darasa la pili alikuwa Evarista. Sasa aliweza kusoma rangi za rezista, alijua kazi ya kapasita, na aliweza kufuata waya kwa kidole kutoka kwenye betri mpaka kwenye spika bila kupotea. Alijua mengi kwa umri wake. Ubaya ni kwamba alijua kuwa anajua.

Mwaka huo ulikuwa 1979, na masika yalikuwa ya kutisha. Magari mengi yalikuwa yamechukuliwa kwenda vitani Kagera, petroli ilikuwa ya kutafuta kwa tochi, na barabara ya kwenda Karatu ilikuwa imekatika korongoni. Njia pekee ya kuzungumza na watu wa mbali ilikuwa redio ya mawasiliano ya zahanati ya misheni. Kila siku saa mbili asubuhi na saa kumi alasiri, Sista Marsela, muuguzi wa zahanati, alivaa visikilizio na kuongea na hospitali kubwa. Akiwapo mgonjwa mahututi, hospitali ilituma ndege ndogo itue kwenye kiwanja cha majani cha shamba la kahawa.

Redio hiyo ilikuwa kongwe, yenye taa za kioo ndani, na ilitaka umeme wenye nguvu kuliko ule wa betri ya gari. Bruda mmoja, ambaye alikuwa ameshazeeka na kurudi kwao Ulaya, alikuwa ameitengenezea kisanduku cha bati chenye ukubwa wa mkate. Umeme mdogo wa betri uliingia upande huu wa kisanduku, umeme mkubwa ukatoka upande ule. Ijumaa moja swichi ya kisanduku ililegea, na Sista Marsela akakileta kwa Mzee Piusi. Fundi alikaza swichi kwa dakika chache. Kisha akaitwa shambani kwa haraka, akamwambia Evarista apulize vumbi lililokuwa ndani na kufunga skrubu.

Evarista alipuliza vumbi, halafu akaanza kutazama. Katikati ya kisanduku palikuwa na koili nene ya nyaya iliyozungushiwa tepu ya njano. Tepu ilikuwa imebanduka pembeni, na chini yake paling'aa. Akaibandua yote. Akakuta mkanda wa shaba, upana wa vidole viwili, umeizunguka koili na ncha zake zimelehemiwa pamoja. Aliufuata kwa kidole kama alivyofundishwa, na kidole kikarudi pale pale kilipoanzia. Kiwaya kimoja tu chembamba kiliuunganisha mkanda na bati la kisanduku. Haukutoka kwenye betri wala haukwenda kwenye redio. Katika hesabu ya Evarista, kitu kisichopeleka umeme popote hakikuwa na kazi, na akaamua kwamba Bruda aliuweka kwa urembo.

Sasa, rafiki yake wa dawati moja alikuwa Namelok, msichana wa Kimaasai ambaye boma lao lilikuwa juu, ng'ambo ya msitu, upande wa Ngorongoro. Mara kwa mara Namelok alimletea Evarista maziwa ya mgando kwenye kibuyu kidogo, na Evarista hakuwahi kuwa na kitu cha kumrudishia. Namelok alikuwa amesema kwamba mama yake, Nalangu, ameshona ngozi ya hereni zake na kupanga shanga, lakini amekosa shaba ya kuning'iniza. Mwaka ule shaba haikuonekana dukani, kama vile sabuni na sukari. Evarista alikata mkanda kwa koleo, akaukunja na kuutia mfukoni. Koili akaizungushia tepu nyeusi ya baba yake, akafunga kifuniko, na Jumamosi kisanduku kikarudi zahanati. Jumatatu alfajiri Namelok alipewa shaba yake langoni mwa shule, akafurahi hata akasahau kuingia darasani.

Hakuna aliyejua bado kwamba wiki hiyo ingekuwa mbaya. Alhamisi iliyotangulia, Nikodemu, mdogo wake Evarista, mwenye umri wa miaka minane, alikuwa amejikata vidole vya mguu kwa panga akikata majani ya ng'ombe. Mama yao, Antonia, alimfunga kitambaa, naye akaendelea kucheza kwenye tope na wenzake. Jumatatu hiyo mguu ulikuwa umevimba na unanuka. Antonia alimbeba mgongoni mpaka zahanati. Sista Marsela alifungua kitambaa, akasema mtoto huyu anahitaji hospitali yenye daktari wa upasuaji, tena upesi.

Shamba lilitoa trekta. Likaenda mpaka korongoni, likazama matope, likarudi kwa kuvutwa na maksai. Ikabaki ndege. Lakini Sista Marsela alipowasha redio saa kumi alasiri, hakusikia mtu. Tangu Jumamosi ilikuwa hivyo, naye alidhani ni radi za masika. Visikilizio vilijaa mlio mwembamba usiokatika, na juu ya mlio mkwaruzo. Aliita kwa nusu saa bila kujua kama anasikika. Hata kama alisikika, haikutosha, maana rubani hakuruhusiwa kutua kwenye kiwanja cha majani wakati wa masika mpaka aulize maswali na kujibiwa: kiwanja kina maji kiasi gani, ng'ombe wameondolewa, mawingu yako wapi. Oldeani iliweza kusema, lakini haikuweza kusikia maswali.

Mzee Piusi aliomba ruhusa shambani, akachukua redio na kisanduku, akaviweka kwenye meza yake. Alipochomoa waya wa mlingoti, mlio ulipungua kidogo tu, akajua adui hatoki angani. Yuko ndani ya nyumba.

Jioni hiyo alimweleza binti yake kazi iliyokuwa mbele yao, kwa sababu ndivyo alivyozoea kufikiri, kwa kumweleza mtu. Alisema kisanduku kile hukata umeme wa betri na kuuachia tena, maelfu ya mara kwa sekunde moja, na kila unapokatwa koili hupata pigo.

"Wewe ukigonga rimu yako," alisema, "nondo imeshaondoka lakini rimu inaendelea kulia. Koili nayo ni hivyo hivyo. Kupigwa lazima ipigwe, ndiyo kazi yake. Sasa huo mlio wa baada ya pigo ndio unaotuua. Aliyekitengeneza kisanduku hiki aliweka mkono mahali fulani kuutuliza, na mkono huo umechoka. Tutafute uko wapi."

Evarista alipepea mkaa. Hakufikiria shaba hata kidogo. Shaba ilikuwa urembo.

Jumanne walianza na kapasita kubwa ya upande wa kutolea umeme, kwa sababu kapasita za aina ile huzeeka na kukauka. Mzee Piusi alitoa nyingine kwenye redio mbovu ya jirani, akailehemu, wakawasha. Mvumo mzito uliokuwa chini ya mlio ulikwisha, na kwa kitambo kidogo wote wawili walitabasamu. Lakini mlio mwembamba ulikuwa pale pale. Wakafupisha nyaya zote ndefu, wakasugua kutu kwenye viungio, wakawasha tena. Mlio ukawacheka.

Alasiri Mzee Piusi alipata wazo. Hakuwa na mashine za kupimia za mafundi wa mjini, ila alikuwa na redio ndogo ya mkononi. Aliiweka kwenye masafa yasiyo na kituo, akaanza kuipitisha polepole karibu na kisanduku, huku na huku, na popote mlio ulipokuwa mkali, redio ndogo ililia kwa nguvu. Juu ya betri ilinong'ona tu. Kwenye swichi ikanong'ona vile vile. Alipoifikisha juu ya koili, ilipiga kelele hata kuku wakatoka uvunguni.

Aliinama, akatazama tepu nyeusi kwa muda mrefu. Akasema tepu hii ni ya kwetu, si ya Bruda.

Hapo ndipo Evarista alipoelewa. Aliuona mkanda ule unaozunguka koili, na kiwaya chake kwenye bati, na akajua bila kuambiwa kwamba kitu kinaweza kuwa na kazi bila kupeleka umeme popote. Kazi yake ilikuwa kuzuia.

"Eva, siku ile ulifungua hapa kwenye koili?"

"Hapana, Baba."

"Uliikuta hivi hivi?"

"Niliikuta hivi hivi. Nilipuliza vumbi tu."

Mzee Piusi alitikisa kichwa. Akasema basi huenda Bruda aliwahi kuitengeneza koili mwenyewe miaka ya nyuma, akanunua tepu dukani kwetu. Kuifungua koili bila sababu ni hatari, nyaya zake ni nyembamba mno, ikikatika moja hakuna mahali pa kupata nyingine. Akaweka redio ndogo kando na kwenda kutafuta mahali pengine.

Tangu hapo Evarista aliishi na jambo hilo kama mtu aliyemeza mfupa. Alijiambia kwamba baba atapata njia nyingine, fundi mzuri hakosi njia. Alijiambia kwamba akisema, Namelok ataitwa mwizi. Alijiambia mengi, na yote yalikuwa ya kujilinda mwenyewe.

Jumatano Mzee Piusi alichukua rezista na kapasita ndogo, akaziunganisha pamoja, akaziweka kando ya transista inayokata umeme ili zimeze ule mtikisiko. Alijaribu jozi saba. Jozi ya kwanza haikufanya kitu. Ya tatu ilipunguza mlio hadi Evarista akaanza kumshukuru Mungu kimoyomoyo, lakini baada ya dakika mbili rezista ilitoa moshi na mlio ukarudi. Ya saba ilifanya transista ipate moto hata isishikike. Akachimbia chuma kwenye udongo mbichi nje ya dirisha, akaunganisha kisanduku na ardhi. Akaweka kisanduku ndani ya sufuria na kuifunika. Antonia, aliyekuwa amekuja kuchukua blanketi, alimwona mumewe akiwa ameinamia sufuria, akauliza kama kuna tumaini. Mzee Piusi alisema hajui. Evarista hakuwahi kumsikia baba yake akisema hajui mbele ya meza ile.

Saa kumi walirudisha vyombo zahanati. Ndani ya mlio Sista Marsela alisikia vipande vya sauti ya mwanamume: "kiwanja", halafu mkwaruzo, halafu "rudia", halafu mkwaruzo mrefu. Alirudia maelezo yote ya kiwanja mara sita. Sauti ikasema tena "rudia", kisha ikapotea. Watu walikuwa wanawatafuta, wanawauliza, na wao walikuwa kama viziwi. Sista alivua visikilizio akaviweka mezani, akakaa ameshika kichwa, na Mzee Piusi akavibeba vyombo kurudi nyumbani.

Alhamisi asubuhi Evarista aligonga kengele, kisha akaomba ruhusa kwa mwalimu akaenda kumwona mdogo wake. Nikodemu alikuwa amelala huku macho yamefumbuka nusu, midomo imekauka. Alimtambua dada yake, akamuuliza kama ndege itakuwa na dirisha. Evarista alisema itakuwa nalo. Ndipo Sista Marsela akaja na kalamu ya wino, akafunua mguu.

Juu ya ngozi palikuwa na mistari miwili ya wino. Mmoja, wa Jumanne, ulipita chini ya vidole. Mwingine, wa Jumatano, ulipita kwenye kifundo. Sista aliinama akachora wa tatu, katikati ya muundi, pale weusi ulipofika asubuhi ile. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba anachora ili daktari ajue unavyopanda. Sindano za penisilini zilikuwa zimebaki mbili.

Evarista alitazama nafasi iliyokuwa kati ya mstari wa Jumanne na mstari wa Alhamisi. Ilizidi urefu wa kiganja chake. Nafasi ile ilikuwa yake, alikuwa ameitengeneza yeye kwa maneno machache mbele ya meza. Hakungoja kuitwa. Alikimbia kwenye tope mpaka nyumbani, akamkuta baba yake ameshika jozi ya nane.

"Baba, nilifungua koili. Palikuwa na mkanda wa shaba umeizunguka, nikaukata nikampa Namelok. Uliponiuliza nilikudanganya."

Mzee Piusi aliweka chuma cha kulehemu juu ya jiko, taratibu. Aliuliza upana wa mkanda. Evarista akaonyesha vidole viwili. Aliuliza kama ncha zake zilikuwa zimelehemiwa. Akajibu ndiyo, na kiwaya kilikwenda kwenye bati. Basi fundi yule alifumba macho, na binti yake akaona machozi yakitoka chini ya kope. Hakumpiga wala hakupaza sauti. Alivaa koti lake la mvua, akachukua fimbo, akasema twende.

Walimpitia Namelok shuleni awaongoze. Walipanda kwa saa mbili kwenye njia ya msituni, matope yakivuta viatu, Namelok mbele akisikiliza kama kuna nyati. Mzee Piusi hakusema neno lolote njia nzima. Evarista alitamani apigwe, maana kipigo kingeisha.

Nalangu alikuwa mlangoni mwa nyumba yake akisafisha kibuyu kwa moshi wa mti. Evarista alimwendea na kuinamisha kichwa, kama Namelok alivyomfundisha, na mwanamke yule akaweka kiganja juu ya kichwa chake na kumpokea kama anavyopokelewa mtoto mwema wa jirani. Kiganja hicho kilikuwa cha joto. Evarista alilia pale pale, akiwa bado ameinama. Masikioni mwa Nalangu, chini ya shanga nyekundu na za buluu, vilining'inia vipande viwili vya shaba vilivyokatwa mithili ya majani, kila kimoja na tundu lake.

Nalangu hakujua Kiswahili kingi, hivyo Evarista alisema na Namelok akafasiri. Ilibidi aseme yote tena: kwamba shaba haikuwa yake, kwamba aliikata kwenye chombo cha zahanati, kwamba mdogo wake anaoza mguu. Namelok alifasiri huku sauti yake ikipungua. Alipomaliza, hakumtazama rafiki yake.

Nalangu alinyanyua mikono, akavua hereni, akafungua uzi kwa meno. Vipande viwili. Mzee Piusi aliuliza kama kuna kingine, maana havikutosha kuzunguka koili. Nalangu alisema cha tatu alimpa dada yake, ambaye jana asubuhi ameshika njia ya kurudi kwake Ololosokwan, mwendo wa siku nyingi. Mzee Piusi aligeuza vile vipande mkononi, akavipanga, akapima pengo kwa kidole gumba, na uso wake ukawa kama wa mtu anayetazama nyumba yake ikiungua kutoka ng'ambo ya mto.

Nalangu alikuwa akimtazama. Akaanza kuzungusha bangili kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto, bangili nene ya shaba iliyokuwa imekaa pale miaka mingi hata ikaacha alama kwenye ngozi. Haikutaka kutoka. Alipaka samli, akavuta, ngozi ikachubuka, ikatoka. Akaiweka mkononi mwa Evarista, si mwa baba yake.

"Anasema," Namelok alifasiri, "hii aliwekewa siku alipoolewa. Anasema mpe mtoto mwenye mguu."

Saa tisa kasorobo walikuwa mezani. Mzee Piusi aliponda bangili kwa nyundo juu ya reli mpaka ikawa bapa, Evarista akapepea mkaa mpaka macho yakamwasha. Fundi alilehemu jani, bangili iliyopondwa, na jani la pili, akauzungusha mkanda ule wa viraka kwenye koili, akafunga ncha zake, akarudisha kiwaya kwenye bati. Akawasha. Akapitisha redio ndogo juu ya koili. Ilinong'ona.

Saa kumi kamili vyombo vilikuwa zahanati, na Sista Marsela alivaa visikilizio. Mlio ulikuwapo bado, mdogo, kwa mbali, kwa sababu kazi ya viraka haiwi kama ya mwanzo. Lakini juu ya mlio sauti ya mwanamume ilisema, safi kabisa, "Oldeani, Oldeani, mnanisikia?" na Sista akajibu huku akilia. Kiwanja kimekauka upande wa juu. Ng'ombe wataondolewa. Mawingu hupanda mlimani saa nne, rubani aje kabla ya hapo.

Ndege ilitua Ijumaa saa moja na nusu asubuhi. Nikodemu alipandishwa kwenye machela pamoja na mama yake, na ndege ilikuwa na dirisha, ingawa hakuwa na nguvu ya kuchungulia. Evarista alimshika Sista Marsela mkono na kumuuliza kama mguu utapona.

"Sitakudanganya," Sista alisema. "Mguu utakatwa. Nadhani chini ya goti, Mungu akisaidia."

"Na kama ningesema kweli Jumanne?"

Sista alitazama ndege ikigeuka mwishoni mwa kiwanja. "Siwezi kukuambia kwamba mguu ungepona. Na siwezi kukuambia kwamba usingepona. Hilo utakaa nalo, mwanangu, na mimi siwezi kukuondolea."

Mguu ulikatwa chini ya goti. Habari ilikuja kwa redio Jumamosi saa mbili, na kila neno lilisikika vizuri. Mzee Piusi alisikiliza mpaka mwisho, akarudi nyumbani, akakaa kwenye meza yake bila kushika kitu. Evarista alisimama mlangoni. Alisema hatagusa tena chombo chochote, na kwamba baba atafute mtu mwingine wa kupepea jiko.

Baba yake alimwita akae. Alichukua redio ndogo ya mkononi, akaiweka kati yao.

"Jumanne nilikuwa na vipimo viwili," alisema. "Kimoja hiki hapa. Cha pili ni neno lako. Hiki kilisema tatizo liko kwenye koili. Neno lako likasema haliko. Vipimo viwili vikipingana, fundi lazima aache kimoja. Mimi niliacha redio nikashika neno lako, kwa sababu halijawahi kuniongopea. Kuukata mkanda ulikosea, na mimi nimekosea mara nyingi kuliko hiyo, nimeunguza vyombo vya watu. Kosa hutafutwa, hupatikana, hulehemiwa. Lakini mtu akikudanganya, unatafuta mahali ambapo kosa halipo, na muda unakwenda. Muda haulehemiwi. Kesho utapepea jiko kama kawaida. Nikikuuliza kitu, nitakuuliza mara mbili, na utavumilia, mpaka siku ambayo sitahitaji tena kuuliza mara mbili."

Ilichukua zaidi ya mwaka kabla siku hiyo haijafika. Namelok alirudi kukaa naye dawati moja baada ya wiki tatu, bila maneno mengi, na kibuyu cha maziwa kilichelewa zaidi ya hapo. Kwenye zahanati kile kisanduku kiliendelea kufanya kazi, na aliyekifungua aliona mkanda wenye rangi mbili za shaba na matundu mawili madogo ya hereni.

Nikodemu alirudi Oldeani mwezi wa Agosti, akitembea kwa magongo mawili. Njia ya shule ilikuwa na mteremko na mawe, naye hakutaka kubebwa. Siku yake ya kwanza shuleni, Evarista alisimama chini ya mgrevilea na nondo yake. Alipofika pigo la kumi na tano, mdogo wake alikuwa bado barabarani, nje kabisa ya lango, akihema. Evarista akagonga la kumi na sita, na la kumi na saba. Mwalimu mkuu alitoka ofisini kuuliza kama saa imeharibika, akaona alichokuwa anakitazama yule msichana, akaegemea mwimo wa mlango.

Aligonga mapigo thelathini na mawili. Magongo yote mawili yalipovuka lango, aliweka nondo chini, akainua mkono na kushika rimu ili inyamaze.